Kisukari, figo na mashine: Tusimwache mgonjwa njiani



Tarehe 7 Novemba 1857 wasafiri wawili wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, mji ambao leo tunauita Tabora. Walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani, na homa zilikuwa zimewadhoofisha. Waliowapokea ni wafanyabiashara wa Kiislamu wa mji huo, akiwemo Snay bin Amir, ambaye aliwapa makazi na kuwahudumia ingawa hawakuwa ndugu zake wala watu wa dini yake.

Hiyo ni sura moja ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Sura ya pili inauma, lakini ni lazima isemwe. Mpagazi aliyeugua akashindwa kubeba mzigo aliachwa kando ya njia. Mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa afe au aliuawa, na msafara ukaendelea na safari yake.

Leo njia ile ina reli na lami. Lakini wapo wasafiri wengine wanaoanguka njiani, nao ni ndugu zetu wenye kisukari ambao figo zao zimekufa na wanaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Swali la makala haya ni moja: ni kitu gani kinachomfanya mgonjwa wa namna hii aishi, na ni kitu gani kinachomuua? Na je, sisi Waislamu wa mijini tumechagua sura ipi kati ya zile mbili?

Ugonjwa unavyoanza kimya kimya

Kila figo ina vichujio vidogo sana, takriban milioni moja. Kazi yake ni kuchuja damu, kutoa uchafu na maji ya ziada kupitia mkojo, na kubakiza vilivyo na faida, ikiwemo protini. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, na hasa ikiambatana na presha, vichujio hivyo vinaharibika. Dalili ya mwanzo ni protini kuvuja na kuingia kwenye mkojo. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Anakula, anafanya biashara zake, anaswali jamaa. Siku anapovimba miguu, kukosa hamu ya kula, kutapika na kukosa pumzi, figo nyingi huwa zimekwisha kazi.

Ushahidi wa jambo hili tunao karibu na Tabora. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Walipimwa wagonjwa 369. Kati yao 309, yaani asilimia 83.7, walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba hawakuwa na habari kuwa figo zao zinaumwa. Hawa ni watu waliokuwa wanahudhuria kliniki. Itakuwaje kwa yule ambaye hajawahi kupima hata sukari?

Na wenye kisukari wameongezeka. Utafiti wa kundi la kina McLarty, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa karibu asilimia 1 tu ya watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi mbili hazilingani kwa kila kitu, kwani ya kwanza ilikuwa ya vijijini peke yake, lakini mwelekeo unaonekana. Babu zetu Wanyamwezi walitembea hadi pwani na kurudi wakiwa na mzigo begani. Wajukuu wao tunapanda bodaboda kwenda sokoni, na tukifika tunaagiza soda na chipsi.

Mashine peke yake haiokoi

Mashine ya kusafisha damu ilibuniwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 ndipo alipofanikiwa kumwokoa mwanamke mmoja wa miaka 67. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipata njia ya kuunganisha mgonjwa na mashine mara nyingi bila kuharibu mishipa kila safari, na mgonjwa wake wa kwanza akaishi miaka 11.

Lakini mashine zilikuwa chache. Ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani aunganishwe na nani aachwe afe. Katika miaka hiyo wenye kisukari kwa kawaida walikataliwa, kwa hoja kwamba hawatadumu. Hali ilibadilika baada ya mwaka 1972, Marekani ilipotunga sheria ya serikali kulipia matibabu hayo kwa karibu kila raia anayeyahitaji. Baada ya hapo wenye kisukari wakawa ndio kundi kubwa kuliko yote kwenye mashine.

Tuzingatie mafunzo ya kisa hiki. Kilichoamua nani aishi hakikuwa ufundi wa mashine. Mashine ilikuwepo tangu awali. Kilichoamua ni nani analipa.

Huku kwetu hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2017 jarida moja la kimataifa la tiba lilichapisha tathmini ya tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, iliyoongozwa na Dk. Gloria Ashuntantang wa Cameroon. Ilibainika kuwa wagonjwa wengi wanaoanza kusafishwa damu wanaacha au wanakufa ndani ya miezi michache, na sababu kubwa ni kushindwa kulipa.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tabora aliyehitaji mashine alilazimika kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, ambako ni kilomita 840 kwa reli. Huko atapanga chumba, kwani tiba hii si ya kwenda na kurudi nyumbani mara moja. Alhamdulillah, miaka ya karibuni mashine zimesogezwa hadi katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa. Na upandikizaji wa figo umeanza kufanyika hapa nchini, Muhimbili kuanzia Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kuanzia 2018. Lakini mashine kuwa karibu ni jambo moja, na kuimudu kwa miaka ni jambo jingine.

Nani anaishi muda mrefu

Tusidanganyane. Hata nchini Marekani, takriban wagonjwa wanne tu katika kila kumi wanaoanza mashine ndio wanaofika miaka mitano, na mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi. Lakini Japani zaidi ya nusu wanavuka miaka hiyo. Kwa hiyo kuunganishwa na mashine si hukumu ya kifo. Yapo mambo yanayoongeza uhai, bi idhnillah, na mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuyajua.

Kwanza, kutokosa zamu. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Mwaka 2011 Robert Foley na wenzake walichunguza wagonjwa zaidi ya 32,000 na kukuta kwamba vifo vinaongezeka baada ya lile pengo refu la siku mbili mfululizo bila mashine. Sasa fikiria wale ambao kwa ukosefu wa fedha wanakwenda mara moja kwa wiki.

Pili, moyo. Muuaji mkubwa wa watu walio kwenye mashine ni maradhi ya moyo. Maji yakijaa mwilini kati ya zamu na zamu, moyo unaelemewa. Presha nayo inaumaliza.

Tatu, mahali damu inapotokea. Mpira unaowekwa kwenye mshipa wa shingo unaingiza wadudu kwa urahisi, na maambukizi ni miongoni mwa wauaji wakubwa. Ni salama zaidi kutengenezewa mapema mshipa maalumu mkononi kwa upasuaji mdogo. Lakini anayefika hospitali akiwa amechelewa hana nafasi ya kusubiri mshipa huo ukomae.

Nne, sukari kushuka. Wengi hawalijui hili. Figo ndizo zinazosaidia kuondoa insulini mwilini. Zikifa, insulini inakaa muda mrefu zaidi, na dozi ile ile aliyoizoea mgonjwa inaweza kumwangusha usiku akazimia. Pia zipo dawa za kisukari, kama metformini, zinazosimamishwa figo zikishuka sana. Kwa hiyo mgonjwa wa mashine asiendelee na dawa zake za zamani bila kumuuliza daktari. Na akiona sukari yake inashuka yenyewe, asiharakishe kusema kisukari kimepona.

Tano, kupandikizwa figo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999 ulionesha kwamba waliopandikizwa waliishi muda mrefu kuliko waliobaki kwenye orodha ya kusubiri, wakiwemo wenye kisukari.

Asali, chumvi na maembe

Tabora ina sifa ya asali. Na hapa lipo kosa linaloua watu kwa jina la dini. Utamsikia mtu anamwambia mgonjwa wa kisukari: "Kunywa asali mbichi, hii haina sukari, na Mwenyezi Mungu amesema ni dawa."

Hapana Muislamu anayepinga kwamba katika asali mna ponyo. Limetajwa katika Suratun Nahl, Aya ya 69. Lakini wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wamenukuu maelezo ya wanavyuoni kwamba Aya inasema ndani yake mna ponyo, haikusema kuwa ni dawa ya kila ugonjwa kwa kila mtu. Na katika Hadithi iliyo mashuhuri, Mtume (S.A.W.) aliielekeza kwa mtu aliyekuwa na maradhi ya tumbo. Asali ni sukari, na inapandisha sukari ya damu. Anayemjazia mgonjwa wa kisukari vikombe vya asali hamtibu, na wala hafuati Sunna.

Bidhaa nyingine ya njia ya misafara ni chumvi, iliyotoka Uvinza. Kwa mgonjwa wa figo chumvi inapandisha presha na inaleta kiu, na kiu inamfanya anywe maji ambayo hawezi kuyatoa. Mchuzi wa chumvi nyingi Jumapili unaweza kumkosesha pumzi Jumatatu kabla zamu yake haijafika.

Na maembe, ambayo miti yake imepandwa njia nzima kutoka pwani mpaka Ujiji. Maembe, ndizi, madafu na tende vina madini ya potasiamu. Figo nzima huyatoa, lakini figo iliyokufa inayaacha yarundikane kwenye damu mpaka moyo unasimama ghafla. Jamaa wanaompelekea mgonjwa kapu la matunda na pakiti ya tende wana nia njema, lakini wamuulize kwanza muuguzi.

Tuongeze na dawa. Vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki, vinavyonunuliwa kiholela madukani, vinaharibu figo. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za mitishamba ambazo hazina kipimo wala anayejua zimechanganywa na nini.

Dini imemwekea wepesi

Wapo wagonjwa wanaoona aibu kula mchana wa Ramadhani, wakafunga na kuzimia. Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa kula (2:184-185), na ameeleza kuwa hakuweka uzito katika dini (22:78). Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inamweka mtu aliye kwenye mashine katika kundi lenye hatari kubwa kabisa, lisilopaswa kufunga. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona analisha maskini mmoja kwa kila siku. Na siku zamu ya mashine ikimbana kati ya Adhuhuri na Alasiri, wapo wanavyuoni walioruhusu mgonjwa kuzikusanya. Amuulize sheikh wake, asiache Swala kabisa.

Kuhusu kutoa figo, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lenye makao Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1988 kwamba inajuzu mtu aliye hai kumpa mwenzake kiungo kwa masharti, ikiwemo kwamba mtoaji asidhurike na kiungo kisiuzwe. Kwa hiyo kijana anayetaka kumpa mama yake figo asitishwe na maneno ya barazani kwamba atafufuliwa akiwa pungufu.

Na yupo mzee aliyechoka, mwili umekwisha, madaktari wenyewe wanasema mashine inamwongezea mateso. Wanavyuoni wengi hawakusema kuwa tiba ni wajibu katika kila hali. Akichagua kupumzika asihukumiwe kuwa amejiua. Aandikiwe wasia, madeni yake yajulikane, na asiachwe peke yake.

Hesabu ya msikiti wetu

Sasa tuje kwetu. Desturi yetu ni kwamba mgonjwa akishindwa, sheikh anasimama baada ya Swala ya Ijumaa, kofia inapitishwa, zinapatikana laki mbili au tatu. Tunatoka tukiwa tumeridhika. Hebu tupige hesabu.

Tuchukulie zamu moja ya mashine ni shilingi 200,000. Mara tatu kwa wiki ni 600,000. Kwa mwaka ni zamu 156, sawa na shilingi 31,200,000. Kofia ya Ijumaa imemnunulia mgonjwa zamu moja. Jumatatu inayofuata ataitoa wapi?

Tuchukulie msikiti wenye waumini 500, kila mmoja atoe shilingi 1,000 kila Ijumaa bila kukosa. Kwa mwaka ni shilingi 26,000,000. Hata hizo hazimtoshi mgonjwa mmoja wa mashine. Hesabu hii isitukatishe tamaa. Inatuonesha mahali pa kuanzia.

Kwanza, fedha hizo zikatie bima kaya masikini za mtaa kabla hazijaugua, na kamati iulize mapema kama bima hiyo inalipia kusafisha damu, na mara ngapi kwa wiki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Misikiti isisubiri kuambiwa.

Pili, kila miezi michache, baada ya Ijumaa, waumini wapimwe presha, sukari na protini ya mkojo. Atakayekutwa na tatizo aanze dawa mapema. Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba dawa ya kaptopril, kwa wenye kisukari cha kutegemea insulini ambao figo zao zimeanza kuvuja protini, ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa au kuhitaji mashine au figo mpya. Mwaka 2001 losatani nayo ilionekana kupunguza kwa asilimia 28 idadi ya wenye kisukari cha ukubwani wanaofikia figo kufa. Hizi ni dawa za zamani na si za matajiri, ingawa hazitumiwi bila daktari, na mjamzito hazimfai.

Tatu, mgonjwa aliye kwenye mashine na ni masikini ana haki katika Zaka, kwani mafukara na masikini ndio waliotajwa mwanzo katika Aya ya 60 ya Suratut Tawba. Apewe kwa mpango wa kila mwezi.

Nne, tufufue wakfu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, iliendeshwa kwa mapato ya wakfu na kutibu masikini na tajiri. Tabora, Dodoma, Kigoma na Dar es Salaam zina nyumba na viwanja vya wakfu. Kodi ya nyumba moja tu inaweza kuwa chumba cha wagonjwa wanaotoka mbali kufuata mashine.

Kuna watakaosema: ajali haina kinga, tumtegemee Allah. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kupima mkojo ni kumfunga ngamia. Kukata bima ni kumfunga ngamia.

Snay bin Amir aliwafungulia mlango wageni waliofika Kazeh wakiwa wagonjwa. Katika mtaa wako, iwe ni Gongoni, Ng'ambo, Ujiji au Kariakoo, yupo mtu ambaye kesho asubuhi ana zamu ya mashine na hana nauli. Mwanzie huyo.

Wabillahi tawfiq.